Jinsi ya kuficha kituo cha siri cha adui angani bila msomaji kukucheka

Maswali yanayokuja ni yale yale. "Adui wangu ana kituo nyuma ya Mwezi, inakubalika?" "Si nakipaka tu rangi nyeusi?" "Kwani anga si kubwa, nani atakiona?" Hilo la tatu ndo linarudi kuliko yote. Kwa hiyo naweka majibu yote sehemu moja, ukimaliza kusoma uende ukaandike. Hii ni kwa anayeandika stori ya sayansi ya kubuni, iwe riwaya, komiki, gemu au skripti, afu hataki msomaji anayejua fizikia kidogo amkimbie kwenye sura ya pili.

Jibu fupi kabla ya yote: kituo chenyewe huwezi kukificha milele. Unachoweza kuficha ni kazi yake, mwenye nacho, au sababu ya mtu kukitazama mara ya pili. Ukilikubali hilo mapema, mengine ni hesabu na ujanja wa kuandika.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Mwaka na eneo la stori. "Siku zijazo" haitoshi, maana vyombo vya kutazamia anga vya 1960 na vya leo ni mbingu na ardhi.
- Idadi ya watu kituoni na wanachofanya pale. Maabara ya watu 12 na kiwanda cha meli za kivita havifichwi kwa njia moja.
- Kiasi cha umeme kinachotumika, kwa wati. Kadiria tu, ila andika namba mahali.
- Muda ambao siri inatakiwa idumu. Miezi sita? Miaka 30? Hili watu wengi hawajiulizi kabisa na ndo linaamua kila kitu.
- Kikokotoo cha simu. Hesabu zote za hapa ni za kuzidisha na kugawanya.

Hatua ya 1: Orodhesha wanaotazama

Usianze na kituo, anza na macho. Waandishi wengi wanaweka mtazamaji mmoja tu, jeshi la upande wa steringi, afu adui anadanganya rada moja mambo yanaisha. Kwenye maisha halisi siri za anga zimevuliwa nguo na watu ambao hawakuwa hata kwenye hesabu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote: mwaka 1966, wanafunzi wa Kettering Grammar School huko Uingereza pamoja na mwalimu wao wa fizikia walikuwa wanasikiliza mawimbi ya redio ya setelaiti za Kosmos za Umoja wa Kisovieti. Wakaona kuna setelaiti obiti yake (njia yake ya kuzunguka Dunia) hailingani na kituo cha kurushia kilichokuwa kinajulikana, wakarudisha hesabu nyuma, wakapata kwamba lazima kuna kituo kingine kule kaskazini. Ndo Plesetsk. Serikali ya Kisovieti yenyewe ilikuja kukiri kwamba kipo mwaka 1983. Yaani watoto wa shule na redio.

Mwingine: setelaiti ya NASA iitwayo IMAGE ilipotea mawasiliano mwaka 2005, wenyewe wakashaikatia tamaa, Januari 2018 mtu mmoja wa Canada anayefuatilia setelaiti kama burudani tu akawa anatafuta setelaiti ya siri ya Marekani, akaikuta IMAGE inatangaza mawimbi yake kama kawaida. Na zile setelaiti za Vela zilizowekwa juu kuvizia majaribio ya mabomu ya nyuklia, mwaka 1967 zilinasa milipuko ya miali ya gama kutoka mbali huko kwenye ulimwengu, kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta.

Kwa hiyo kwenye orodha yako weka jeshi, sawa, ila weka na wanaastronomia wanaotafuta asteroidi (yale mawe yanayozunguka Jua), kampuni za madini, makapteni wa meli za mizigo, watu wa hobi, na mashine zinazopiga picha anga zima usiku kucha bila kujali nini kiko pale. Mfano wa hizo: darubini ya Vera Rubin iliyopo Chile ilipotoa picha zake za kwanza Juni 2025, kwenye saa 10 hivi za kutazama ilikuwa imeshapata asteroidi mpya 2,104. Hiyo ilikuwa kujinyoosha tu, kazi yenyewe ilikuwa bado haijaanza.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya joto

Hapa ndo stori nyingi zinakufa, kwa hiyo tulia.

Anga ni kama chupa ya chai kubwa isiyo na mwisho. Hakuna hewa ya kupoza wala maji ya kubeba joto, njia pekee ya joto kutoka ni kuangaza, yaani kutoka kama mionzi ya infraredi. Na nyuma yako kuna giza lenye halijoto ya kelvini 2.7, sawa na nyuzi 270 chini ya sifuri. Chumba ambacho binadamu anaweza kukaa kina kelvini 293 hivi, yaani nyuzi 20. Mbele ya pazia hilo la baridi kitu chochote chenye uvuguvugu kinawaka, macho yetu tu ndo hayaoni. Darubini ya infraredi inaona. Rangi nyeusi haisaidii, na kwa kweli inaharibu zaidi kama kituo kiko karibu na Jua, maana kinafyonza mwanga kinapata moto kinaangaza zaidi.

Sasa hesabu. Mtu mmoja amekaa tu anatoa wati 100 hivi. Watu 200 ni kilowati 20 kabla hujawasha hata taa. Kila wati ya umeme unayotumia ndani inaishia kuwa joto, iwe kompyuta, pampu, jiko, chochote. Na kama umeme unatoka kwenye kinu cha nyuklia cha kawaida, kwa kila megawati moja ya umeme kuna karibu megawati mbili za joto la ziada zinazotakiwa kutupwa. Kwa hiyo kituo cha adui chenye umeme wa megawati 1 kinatupa nje megawati 3.

Rejeta, yaani bapa la kutolea joto nje, yenye halijoto ya kelvini 300 inaangaza wati 459 kwa kila mita ya mraba, tena hapo tumeipa alama zote. Megawati 3 gawa kwa 459 unapata mita za mraba zaidi ya 6,500 za bapa linalowaka kwenye infraredi.

Najua unachotaka kusema: "basi nipoze ganda la nje." Sawa, lishushe hadi kelvini 100. Mionzi inategemea halijoto ikizidishwa yenyewe mara nne, kwa hiyo ukipunguza kelvini mara tatu, mionzi ya kila mita inapungua mara 81, na eneo la rejeta lazima likue mara 81 ili joto lile lile litoke. Zile mita 6,500 zinakuwa zaidi ya 520,000, nusu kilomita ya mraba. Na mashine ya kupoza nayo inakula umeme, umeme unaleta joto, unaona tunapoelekea.

Kosa la kawaida: kuandika "kituo kilikuwa na teknolojia ya kuzuia joto lisitoke". Joto lisipotoka wafanyakazi wanaiva. Ukizuia, taja linakusanywa wapi na lini litajaa. Hilo tunalifikia Hatua ya 4.

Hatua ya 3: Chagua mahali, na ujue kila mahali pana bei yake

*Nyuma ya Mwezi.* Picha za kwanza zilipigwa na chombo cha Kisovieti Luna 3 mwaka 1959. Chombo cha NASA kiitwacho LRO kinazunguka Mwezi tangu 2009 kikipiga picha zinazoonyesha vitu vya nusu mita, hadi mabaki ya safari za Apollo yameonekana. China walitua upande ule Januari 2019 na Chang'e 4. Kama stori yako ni ya mwaka 1955, ruksa. Ya leo, hapana, kituo cha juu ya ardhi hakipo tena kwenye mazungumzo.

Ila chini ya ardhi! Mwezi una mashimo yanayoingia ardhini, na vipimo vya LRO vilivyochapishwa 2022 vilionyesha sehemu zenye kivuli ndani ya baadhi yake zinakaa kwenye nyuzi 17 hivi, wakati uso wa Mwezi mchana unapita nyuzi 100. Yaani uvuguvugu wa binadamu unakaa sehemu ambayo tayari ina uvuguvugu. Kwa mwandishi hiyo ni zawadi. Tatizo linabaki nyayo, vumbi, na chombo kinachoshuka na kupaa.

*Upande wa pili wa Jua.* Classic kabisa, na haikubaliki tena. Kwanza sehemu ile haitulii, sayari nyingine zinakuvuta taratibu unatoka kwenye kivuli, inabidi uwashe injini kila mara. Pili, vyombo viwili vya STEREO vilivyorushwa 2006 vilifika pande mbili za Jua mwaka 2011 na kuliona lote, pamoja na maeneo ya nyuma yake. Chombo kimoja tu kikiwa pembeni, maficho yamekwisha.

*Ndani ya asteroidi.* Chaguo langu kwa stori nyingi. Zinazojulikana ni zaidi ya milioni moja, hakuna mwenye muda wa kuichunguza kila moja, na mwamba unameza joto kwa muda mrefu. Ila futa ile picha ya mawe yaliyobanana meli inayapenya kwa kona kona. Kwa wastani kutoka moja hadi nyingine ni mamia ya maelfu ya kilomita na zaidi. Ukisimama juu ya moja unaweza usione nyingine kwa macho.

*Io, mwezi wa Jupita.* Volkano zaidi ya 400, joto kila kona, nani atashangaa doa moja zaidi? Wazo zuri sana hadi ukumbuke mionzi ya Jupita: pale juu ni karibu sieverti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 36 kwa siku, na sieverti 5 tu zinatosha kuua watu wengi. Adui awe na roboti au ajichimbie chini sana.

*Mawingu ya Zuhura.* Kimo cha kilomita 50 na kitu, halijoto na mgandamizo vinakaribia vya duniani, mawingu yanaziba macho. Rada inapita lakini, chombo cha NASA cha Magellan kilichora asilimia 98 ya uso wa Zuhura miaka ya 1990 mwanzoni, ila kilikuwa kinatafuta milima, hakitafuti kitu kinachoelea. Waandishi hawapatumii vya kutosha.

*Mbali, baada ya Neptuni.* Hapa ndo "anga ni kubwa" inakuwa kweli kidogo. Kitu kinachoakisi mwanga wa Jua ukikisogeza umbali mara mbili, mwanga unaoturudia unapungua karibu mara 16, kwa sababu unafifia kwenda na unafifia kurudi. Wanaastronomia tangu 2016 wanajadili kama kuna sayari kubwa nzima kule ambayo hatujaiona. Bei yake ni muda: kila kitu kinachukua miaka kufika, na adui mwenye haraka hapafai.

Hatua ya 4: Tafuta pa kulitupia joto

Una njia mbili tu za kweli.

Ya kwanza, lielekeze upande. Darubini ya James Webb inafanya hivyo kila siku: ina ngao ya matabaka matano, upande unaotazama Jua unafika nyuzi 85 hivi, upande wa pili uko nyuzi 233 chini ya sifuri. Adui anaweza kufanya kinyume, upande wa baridi uitazame Dunia na rejeta zielekee gizani. Inafanya kazi vizuri sana mpaka atokee mtazamaji mmoja aliye upande ule mwingine. Chombo kimoja cha utafiti, kimepotea njia, kinapita nyuma ya kituo na kukuta kitu kinawaka pasipo na kitu... sura yako ya tano hiyo, chukua bure.

Ya pili, limeze. Barafu ikiyeyuka inameza kilojuli 334 kwa kila kilo. Tuchukue asteroidi ya barafu yenye upana wa kilomita 1, ndani yake kuna barafu karibu tani milioni 480. Kituo kidogo kinachotoa joto la kilowati 100 kinayeyusha tani 26 hivi kwa siku, maana yake ina nafasi ya kukaa miaka zaidi ya 50,000. Hakuna atakayejua. Sasa adui akiamua kuwasha mtambo wa gigawati 1 kwa ajili ya hiyo silaha yake, anayeyusha tani 259,000 kwa siku, na barafu yote inakwisha kwenye miaka 5 hivi. Na kabla ya hapo maji yatapata njia ya kutoka, yatageuka mvuke, asteroidi itaanza kuota mkia kama nyotamkia na kila darubini itageuka kuitazama.

Kwa hiyo namba moja tu, wati, imekupa kama stori ni ya kutisha polepole au ya mbio na saa ukutani. Hesabu ni rafiki yako, wanaosema inaua ubunifu hawajawahi kuitumia.

Angalizo: usichanganye vyote, "kina ngao na kinameza na kiko Io". Msomaji anaona unajihami. Chagua kimoja ukijue hadi mfupa.

Hatua ya 5: Ficha barabara, sio nyumba tu

Wasovieti walipojenga kituo chao kikuu cha kurushia roketi walikiita Baikonur, jina la mji wa wachimba madini ulioko kilomita zaidi ya 300 kutoka pale kilipo. Ujanja mzuri. Mwaka 1957 ndege ya kijasusi ya U-2 ya Marekani ikakipata, na ilichofanya ni kufuata njia ya reli. Roketi hazifiki zenyewe, zinabebwa.

Kituo chako kinakula nini? Mtu mmoja anavuta karibu kilo 0.84 za oksijeni kwa siku. Wale watu 200 ni zaidi ya tani 60 kwa mwaka, bila chakula, bila vipuri. Maji yanaweza kuzungushwa, kituo cha kimataifa cha ISS kilifikia asilimia 98 mwaka 2023, ila hiyo mbili iliyobaki nayo inakuja na meli. Na kila meli ikiwasha injini inaonekana, maana moto wa roketi ni kitu kikali kuliko vyote ulivyonavyo. Marekani ina setelaiti za kunasa moto wa makombora kutoka juu tangu 1970.

Cha kufanya: mizigo ya adui iingie ndani ya mizigo ya halali. Meli ya kampuni inaondoka na tani 900 kwenye karatasi, inafika na 870, njiani kontena limeachiwa lielee lenyewe bila injini hadi kituoni. Kuelea hakuonekani sana lakini ni taratibu, miezi na miezi, kwa hiyo kituo hakiwezi kuagiza kitu leo kikafika kesho. Mara nyingi mimi ndo naangalia hapa kujua kama mwandishi amefikiria: kuna mtu kituoni anasubiri kifaa kilichoharibika miezi minane iliyopita? Kama yupo, naamini yote yanayofuata.

Kosa la kawaida: adui anaruka na chombo chake kwenda kituoni kila akitaka kumfokea msaidizi wake. Kila safari ni mshale unaoelekeza nyumbani. Mwache afokee kwa barua.

Hatua ya 6: Nyamaza, au nong'ona kwa leza

Voyager 1, chombo cha NASA kilichorushwa 1977, inatangaza kwa wati 23 tu, na bado tunaisikia kutoka kilomita zaidi ya bilioni 24. Ni kweli kwamba antena zinazoisikiliza zina upana wa mita 70 na zinajua ielekee wapi, ila redio inasambaa, ndo asili yake. Kituo cha siri kinachopiga simu kwa redio sio cha siri.

Leza ni nyembamba. Chombo cha Psyche kilichorushwa Oktoba 2023 kilituma video kwa leza Desemba ile ile kutoka kilomita milioni 31 hivi. Anayetaka kuisikia lazima awe ndani ya mwali wenyewe. Basi tumia leza, na kumbuka ucheleweshaji: Dunia na Mirihi peke yake ni dakika 3 hadi 22 kwenda tu. Hakuna mazungumzo ya ana kwa ana kwenye skrini kubwa, hakuna. Adui anatuma amri, majibu yanakuja hali ikiwa imeshabadilika, na hapo ndo wasaidizi wanaanza kuamua mambo wenyewe.

Hatua ya 7: Tunga uongo unaofanya kazi kweli

Kama utasoma hatua moja tu soma hii.

Mwaka 1974 Marekani ilitaka kuinua nyambizi ya Kisovieti K-129 iliyozama bahari ya Pasifiki, karibu kilomita 5 chini. Huwezi kuficha meli kubwa kiasi kile katikati ya bahari, kwa hiyo hawakuificha. Walitangaza kwamba Glomar Explorer ni meli ya tajiri Howard Hughes ya kuchimba madini ya manganizi sakafuni mwa bahari. Meli za Kisovieti zilikuja zikaitazama kwa karibu, zikaondoka. Siri ilikuja kufichuliwa na waandishi wa habari mwaka 1975.

Camp Century ni mfano bora zaidi. Jeshi la Marekani lilijenga kambi chini ya barafu ya Greenland 1959 na 1960, ina hadi kinu cha nyuklia, na ikatangazwa wazi kama kambi ya utafiti. Nyuma yake kulikuwa na mpango wa siri uitwao Iceworm wa kuficha mamia ya makombora ndani ya mahandaki ya barafu, mpango ambao hadharani ulijulikana miaka ya 1990. Ukafa kwa sababu barafu inatembea na kubana mahandaki, kambi ikaachwa 1967. Lakini utafiti ulikuwa wa kweli! Mwaka 1966 walitoboa barafu hadi mwambani, karibu mita 1,390, na sampuli zile zimetumika kwenye sayansi ya hali ya hewa miaka na miaka.

Sasa kipe kituo chako kazi halali inayoeleza kila dalili. Joto jingi? Kiwanda cha kuyeyusha madini. Meli nyingi? Kituo cha mafuta. Watu hawaruhusiwi kukaribia? Karantini, au kesi ya mahakamani kuhusu nani anamiliki asteroidi (hii ya mahakama napenda, inachosha hadi majasusi). Na kazi iwe inafanyika kweli, na watu asilimia 90 pale wawe wanaifanya bila kujua kitu. Tena hao ndo wahusika wako wazuri zaidi, yule mama wa stoo anayejua tani 30 zinapotea kila mwaka na ameamua ni wizi wa kawaida.

Angalizo: uongo usieleze kila kitu kikamilifu. Acha dalili moja isiyoingia. Kitu kilichoonekana kama asteroidi mwaka 2020, kikaitwa 2020 SO, kiligundulika ni kipande cha roketi cha mwaka 1966 kwa sababu mwanga wa Jua ulikuwa unakisukuma kuliko unavyosukuma jiwe, yaani kilikuwa chepesi, kitupu ndani. Na J002E3 ya mwaka 2002, nayo ilidhaniwa asteroidi, ilisalitiwa na rangi nyeupe ya roketi ya Apollo 12. Asteroidi ya adui iliyochimbwa ikawa tupu itapotoka njia kidogo tu, na atakayeona ni mtu anayefanya hesabu za obiti usiku, hana habari na adui wala steringi.

Hatua ya 8: Weka tarehe ya siri kuvuja

Fupi hii. Andika mahali: siri inadumu mpaka lini, na nini kinaivunja. Barafu inakwisha, darubini mpya inawashwa, mhasibu anastaafu. Adui mwenye akili anaijua tarehe hiyo na anapanga kumaliza kazi kabla. Adui anayedhani haitafika kamwe ni mjinga, na wajinga hawajengi vituo angani.

Ikikwama

*"Stori yangu inahitaji silaha kubwa, wati ni nyingi mno."* Tenganisha. Kituo cha siri kiandae, kichaji polepole, silaha iwashwe mara moja tu. Ikishawashwa siri haihitajiki tena.

*"Nataka pazia la kutoonekana."* Weka, stori ni yako. Ila lipe kikomo, kwa mfano saa sita kabla joto la ndani halijafika pabaya, na waonyeshe watu wanavua koti, wanatoka jasho, mtu anazimia kwenye chumba cha mitambo. Pazia lenye jasho msomaji analiamini.

*"Kilijengwaje bila kuonekana?"* Hakikujengwa kwa siri. Kilinunuliwa. Mgodi uliofilisika, kituo cha utafiti kilichokatiwa bajeti, kila mtu aliona kikijengwa na kila mtu amekisahau.

*"Steringi wangu anakipata mapema mno."* Mwache akipate. Akipate, aone ni mgodi, aondoke. Arudi baadaye akiwa na namba ya tani.

*"Stori iko kwenye mfumo wa nyota nyingine, sheria zako zinahusu?"* Joto linahusu popote. Kinachobadilika ni orodha ya Hatua ya 1: mfumo wenye watu wachache na darubini mbili mbovu unaweza kuficha kituo miaka mingi bila ujanja wowote. Ila sema hivyo kwenye stori, mapema, kabla msomaji hajauliza.

*"Msomaji mmoja kaniandikia hesabu yangu ya joto imekosea."* Angalia kama yuko sahihi. Kama yuko sahihi badilisha namba, na umuombe akusomee na sura ya saba.